Mtoto wa Shaba

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Siku ya kumi na tatu, siku ambayo sisi Wahindu tunamaliza matanga, shangazi yangu, dada yake baba, alimfunga Mtoto katika kitambaa cha hariri, akamlaza ndani ya kikapu chenye kifuniko, akapanda naye lori. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku mama alipochomwa. Sioni haya kusema hivyo. Kuhusu mama walikuwa wameshaniambia kwamba hatarudi. Mtoto nilimwona kwa macho yangu akiondoka, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemzuia.

Mtoto alikuwa sanamu ndogo ya shaba ya njano, haizidi kidole gumba cha baba. Ni Krishna alipokuwa mchanga, anatambaa kwa magoti, mkono mmoja ameuinua na donge la siagi. Majirani zetu Waislamu walijua tuna kitu chumba cha nyuma, na kwa adabu zao hawakuuliza sana. Lakini hata wangeuliza, nisingejua pa kuanzia, kwa sababu ibada ya nyumbani kwetu si kusimama na kuomba. Ni kulea. Asubuhi unamwamsha Mtoto taratibu, kwa kengele ndogo, asishtuke. Unamwogesha, unamvisha, unampa maziwa. Adhuhuri unampikia, unampelekea chakula, unashusha pazia ale kwa nafasi. Akimaliza unamlaza, na jua likipungua unamwamsha tena. Mama aliyafanya hayo kila siku ya Mungu nyuma ya duka letu pale Masaki, kijiji cha upande wa Kisarawe, huku mbele baba akipima chumvi na mafuta ya taa na kununua makopa na korosho za watu.

"Nyumba isiyo na mwanamke haiwezi kumlea," shangazi alimwambia baba. "Wewe alfajiri uko dukani. Atashinda na njaa."

Baba alikubali. Baba alikuwa mtu wa kukubali, na mimi nilikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, kwa hiyo mle ndani hasira zote zilibaki kwangu. Shangazi aliishi Misugusugu, upande wa Kibaha, ambako mumewe alikuwa na duka kando ya barabara ya Morogoro. Kutoka kwetu ilikuwa safari ya malori mawili, moja la kuteremka mpaka Dar es Salaam na jingine la kutokea huko. Kwa akili yangu ya utoto, ni kama Mtoto amepelekwa Ulaya. Nilimwambia baba shangazi ni mwizi. Akaenda kuwasha taa mbele ya rafu alikokaa Mtoto, sasa tupu.

Miaka ile aliyenilea hasa ni jirani yetu, mke wa mwenye mikorosho iliyopakana na ua wetu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayesema peke yake akipika. Alijua hatuli nyama wala samaki, basi akanifundisha vyote visivyo na damu: kisamvu cha nazi, kunde, mchicha, muhogo. Alinifundisha kukuna nazi bila kujikata na kupuliza moto bila kujijaza majivu machoni. Na alinifundisha jambo ambalo wapishi wote wa pale kwetu walilifanya bila kufikiri: chungu kikikaribia kuiva, unachota mchuzi kidogo kwa upawa, unadondosha tone kiganjani, unalamba. Ukiona chumvi imekolea, unaepua. "Mpishi asiyeonja," alisema, "anawapikia watu adhabu."

Nilipofika miaka kumi na minne nikamwambia baba namtaka Mtoto wetu. Sikuomba, nilidai. Baba akamwandikia dada yake barua, na jibu likarudi fupi: nipelekwe Misugusugu nikafundishwe. Nikishajua kweli, Mtoto atarudi Masaki. Nisipojua, atabaki alipo.

Nilikwenda nikiwa nimejaa kiburi. Nilidhani nayajua yote kwa kumtazama mama. Shangazi alikuwa mwembamba, mkimya, hajafika arobaini, na katika ndoa yake ndefu hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa safi mpaka unaogopa kukaa. Nilipofika nikakimbilia chumba cha ibada, na hata kabla sijaona vizuri, nikasikia nyuma yangu: "Simama hapo. Umetoka kwenye lori. Umekaa na kuku."

Ni kweli, nilikuwa nimekaa na kuku. Nikaenda kuoga.

Juma zima hakuniruhusu kumgusa. Nilikaa kizingitini nikitazama. Nikajifunza kwamba ua la kumpelekea Mtoto halinuswi, maana ukilinusa umeshachukua harufu iliyo haki yake. Nikajifunza kwamba ukishaoga kwa ajili yake humgusi mtu mpaka umalize, hata akikukumbatia mtoto wa jirani umerudi mwanzo. Nikajifunza kukata jani moja la tulasi, ule mrehani wetu mtakatifu uliooteshwa kwenye debe, na kuliweka juu ya chakula, kwa sababu bila jani hilo hali. Na nikajifunza kanuni iliyo kubwa kuliko zote za jikoni: chakula cha Mtoto hakionjwi. Yeye ndiye wa kwanza. Kilichoguswa na ulimi wako ni masazo, na masazo hayapelekwi mbele yake.

"Sasa nitajuaje kama chumvi imetosha?" niliuliza.

"Kwa mkono wako," alisema shangazi. "Vidole vitatu kwa kila kibaba. Mkono ukizoea hukosei."

"Na nikikosea?"

"Atakula hivyo hivyo, na wewe utakula baada yake, na utaona aibu. Kesho hutakosea."

Nilimchukia kidogo kwa majibu kama hayo. Nilichukia pia jinsi alivyonisahihisha bila kupandisha sauti, kwa sababu mtu akikufokea unaweza kumfokea, lakini mtu anayesema polepole unamfanyaje? Nilikaa kule miezi miwili. Mwishoni nilimwogesha Mtoto mara tatu, shangazi amesimama karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Mara ya tatu nilitaka kucheka kwa furaha na nikaukaza uso asione.

Nikarudishwa Masaki na picha. Ndiyo, picha, ya kalenda, Krishna mchanga amekaa na chungu chake cha siagi. Shangazi aliniambia niihudumie mwaka mzima kama nitakavyomhudumia Mtoto mwenyewe, halafu atakuja na Mtoto kunitazama siku tisa. Baba alinitania kwamba nimeolewa na karatasi. Jirani yetu, ambaye kwa imani yake sanamu ni jambo zito, alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, mimi hayo yenu siyajui. Lakini naona siku hizi huamki na kisirani. Basi endelea." Alijua pia asivuke kizingiti cha jiko letu nikiwa nimeshaoga. Alisimama uani, tukazungumza kupitia mlangoni.

Kuihudumia picha ni kazi ngumu, nawaambieni. Hailowi, haivai, haikui. Kuna asubuhi nilipiga kengele nikajiona mjinga. Lakini sikuacha hata siku moja. Siku zangu za mwezi baba alishika zamu kwa maziwa na ndizi, na shangazi alikuwa ameliridhia hilo kwa barua. Nilimtaka Mtoto. Nilitaka kuamka nyumbani kwetu nikute kitu ambacho mikono ya mama ilikigusa kila siku, na hakikuwapo kingine. Nguo zake tulikuwa tumezigawa.

Shangazi alikuja baada ya mvua za vuli, barabara ya Pugu ikiwa bado ina matope. Aliteremka kwenye lori ameshika kikapu kwa mikono miwili, mzigo mwingine wote akabebewa. Siku mbili za kwanza alinitazama nikimhudumia Mtoto. Sikukosea. Usiku niliona anazungumza na baba na nikajipa moyo.

Asubuhi ya tatu alitoka chumbani kwake, akapita moja kwa moja mpaka barazani, akakaa kwenye mkeka peke yake.

"Nimeingia mwezini," alisema.

Nilielewa mara moja. Kwa desturi yetu mwanamke aliye katika siku zake haingii jikoni, haingii chumba cha ibada, hamgusi Mtoto siku nne. Siku ya tano anaosha nywele ndipo anarudi. Kwake siku kama hizo mumewe ndiye aliyeshika zamu. Kwetu alikuwapo baba, na baba siku ile alikwenda Kisarawe kwa mambo ya leseni ya duka. Jirani yetu aliposikia alielewa kuliko nilivyotarajia. "Mbona hata sisi hatusali siku hizo," alisema. "Mpumzishe shangazi yako."

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na Mtoto, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilimwamsha. Nilimwogesha, nikamvisha kijoho cha manjano na kilemba. Alikuwa mzito kuliko unavyodhani ukimtazama. Nilimkalisha kwenye kiti chake kidogo, nikashusha pazia, nikaenda kumpikia chakula cha adhuhuri: wali wa choroko na mchuzi wa mtindi.

Mchuzi ule hauna mzaha. Unapiga mtindi na unga wa dengu, unatia bizari, tangawizi na pilipili mbichi, na unakoroga bila kuacha mkono, ukiacha unakatika. Nikiwa katikati ya kukoroga, shangazi akaita kutoka barazani kuuliza kama maziwa ya jioni nimeyafunika. Nikajibu nimeyafunika. Akauliza kama nimeyafunika kwa sahani au kwa kitambaa. Nikajibu kwa sahani. Nikarudisha macho kwenye sufuria, na sikukumbuka tena kama nimetia chumvi au sijatia.

Wakati huo huo jirani akatokea mlango wa uani na papai mkononi. "Kunanukia huko," alisema. "Imekolea?"

Nikachota kwa upawa, nikadondosha tone kiganjani, nikalamba.

"Imekolea," nikamjibu.

Na kweli ilikuwa imekolea vizuri kabisa. Kisha nikasikia ladha ile ulimini, nikaelewa nimefanya nini.

Jirani hakujua lolote. Aliweka papai kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza kunieleza habari za mbuzi wake. Shangazi alikuwa upande wa pili wa nyumba, haoni. Hakuna aliyeona. Niliwaza haraka kama mwizi: kuanza upya ni zaidi ya saa nzima, Mtoto ameshavaa, anasubiri, jua limefika utosini. Nikisema, shangazi ana sababu ya kumrudisha Misugusugu, na safari hii ataondoka naye moja kwa moja. Nikinyamaza, siku sita zimebaki, Mtoto ni wangu. Nikapakua. Niliweka wali kwenye sahani ya fedha ya mama na mchuzi kwenye bakuli, jani la tulasi juu, nikabeba mpaka kwenye pazia.

Sikuweza kulifungua. Ningependa kusema ni kwa uchaji, lakini sikuwa mchaji kiasi hicho. Ni kwamba nilijua nikimpa chakula kile, mimi peke yangu nikijua, basi tangu siku ile yule nyuma ya pazia angekuwa shaba tu. Ningekuwa nimepata kipande cha shaba nilichokililia miaka sita. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia jirani na papai lake, shangazi na sahani zake, na mkono wangu. Nikapiga kelele:

"Shangazi! Nimeonja!"

"Umeonja nini?" jirani akashtuka uani. "Kuna sumu?"

Sauti ile ya polepole ikatoka barazani: "Umeshampa?"

"Bado."

"Basi kiondoe. Mpe jirani yako akipenda, kwa watu ni chakula kizuri. Sufuria isugue kwa jivu. Kaoge tena. Uanze upya."

Jirani alikipokea kwa furaha zote, na jioni alinitumia salamu kwamba pilipili ilipungua. Mimi nilisugua sufuria huku machozi yananitoka, nikaoga, nikawasha moto. Nilikuwa nachambua choroko pale jikoni, ukuta mmoja na chumba cha ibada, niliposikia mtu anazungumza. Nilidhani baba amerudi. Nikainuka kuchungulia.

Shangazi alikuwa amehama kutoka barazani. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nje, amekaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye ukuta wa udongo wa kile chumba asichoruhusiwa kuingia. Alikuwa anazungumza na ukuta.

"Vumilia baba," alikuwa anasema. "Najua una njaa. Dada yako anapika, ni mtoto, amesahau. Leo mimi siwezi kukushika, unajua. Usinune. Jana ulikula vizuri. Nikusimulie juu ya lori lililokwama Pugu? Ulikuwa umelala, hukuliona." Akamsimulia lori, lote, matairi na utingo na matope, na mahali pa kuchekesha akacheka kidogo. Kisha akanyamaza, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Nilirudi jikoni kimyakimya. Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu nilichonyang'anywa mimi. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kule Misugusugu, katika nyumba ile safi ambayo hakuna aliyewahi kuichafua, kila asubuhi kulikuwa na mtu anaamka kwa sababu kuna mtoto wa kuamshwa. Nilipika. Vidole vitatu kwa kila kibaba. Mtoto alikula alasiri, na baada yake tukala sisi, chumvi ikiwa imezidi, na hakuna aliyesema.

Siku ya tano shangazi aliosha nywele akarudi chumbani. Mimi nilikaa kizingitini kama zamani. Alimvisha Mtoto, akakirekebisha kilemba, akakitoa, akakifunga upya, akakirekebisha tena. Alimpaka msandali kwenye paji la uso kwa ncha ya kidole. Kazi ambayo kwa kawaida ilimchukua dakika chache ilimchukua asubuhi nzima, na sikumwuliza kwa nini.

Jioni baba alimwuliza, mbele yangu, kama nimefaulu au vipi.

"Anajishitaki mwenyewe," shangazi alisema. "Mimi nimsimamie kwa nini tena? Nitaondoka kesho, siku tisa hazina haja."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nilikaa nikitazama mikono yangu. Neno lilikuwa mdomoni: shangazi, mchukue, mimi nimeishi bila yeye, nitaendelea na picha. Lilikuwa neno la haki na nililijua. Lilinijia usiku ule, likanijia asubuhi alipokunja nguo zake kwenye sanduku na kuniachia zile za Mtoto, moja moja, akinionyesha ipi ya joto na ipi ya sikukuu. Zote alikuwa amezishona mwenyewe. Zile za mama zilikuwa zimeshachakaa zamani, alisema, na akaomba radhi kwa hilo.

Lori lilikuja likapiga honi. Baba alimpandisha shangazi akakaa karibu na dereva. Kabla hajapanda nilimwamkia kwa kuinama na kumgusa miguu, kama tunavyowafanyia wakubwa wetu, na alipoweka mkono kichwani pangu niliusikia umelegea. Gari likaunguruma. Ndipo akatoa kichwa dirishani, yeye mkubwa wangu, dada wa baba yangu, akaniuliza mimi msichana wa miaka kumi na mitano, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa:

"Naweza kuja kumwona?"

"Ndiyo, shangazi," nikasema.

Hilo tu ndilo nililosema. Lori lilikwenda polepole, barabara ilikuwa mbovu, na kwa mwendo ule ningeweza kulikimbilia hata mpaka lilipopinda kwenye mikorosho. Sikukimbia. Niliingia ndani kumwamsha mtoto wangu.